Vyakula Rahisi vya Jioni kutoka Nchi Mbalimbali, na Hatua Moja ya Kuangaliwa katika Kila Kimoja

Mtu anayetaka kupika chakula cha nchi nyingine kwa mara ya kwanza hukatishwa tamaa mapema, kwa sababu maelekezo anayoyakuta huandikwa kana kwamba kila jiko lina rafu yenye viungo ishirini na mpishi asiye na kazi nyingine. Lakini vyakula wanavyopika watu wa Napoli, Delhi au Osaka jioni ya siku ya kazi, wakiwa wamechoka na watoto wanauliza chakula kitakuwa tayari lini, si vile vinavyopambwa kwenye sahani za mikahawa. Ni vyakula vya viungo vichache, vingi vyao huiva katika nusu saa, na kwa kawaida havidai zaidi ya sufuria moja na kikaango kimoja.

Nimeharibu sufuria nyingi kabla ya kutambua kwamba kila kimojawapo cha vyakula hivi kina hatua moja inayokibeba. Hatua hiyo ikienda sawa, makosa mengine husameheka: ukikosa kiungo fulani utatia kingine, na ukizidisha kitunguu hakuna atakayelalamika. Ikienda mrama, hata viungo bora kabisa havikiokoi chakula. Kwa hiyo nitapita upesi kwenye mambo ambayo mpishi yeyote anayajua, na nitakaa zaidi pale ambapo chakula husika huharibikia. Vipimo ni vya watu wanne, isipokuwa pale nitakapotaja idadi nyingine.

Kabla ya kubandika sufuria

Ukiwa na vitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya mbichi au za kopo, mafuta, chumvi, sosi ya soya, bizari nyembamba nzima, manjano, pilipili kavu, pamoja na limau au siki, umeshapata sehemu kubwa ya unachohitaji, na vilivyobaki nitavitaja mahali pake. Usiogope kubadilisha kiungo. Nyanya, pilipili, viazi na karanga zote asili yake ni bara la Amerika, na hazikufika Ulaya, Asia wala Afrika hadi baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa maneno mengine, mchuzi wa nyanya wa Kiitalia, ukali wa pilipili katika vyakula vya Kihindi na mchuzi wa karanga wa Senegal vilianza pale mpishi asiyejulikana alipotia kitu kigeni katika sufuria aliyoizoea, naye hakuomba ruhusa ya mtu.

Kitu kisichofaa kubadilishwa ovyo ni utaratibu wa kazi. Menya, kata na pima kila kitu kabla ya kuwasha moto, hasa kwa wali wa kukaanga, ambao ukishaanza hauachi nafasi hata ya kutafuta kijiko.

Tambi za kitunguu saumu na mafuta

Chakula hiki cha Napoli huitwa aglio e olio, yaani kitunguu saumu na mafuta, na jina hilo karibu limemaliza maelekezo. Tayarisha gramu 400 za tambi ndefu, punje sita za kitunguu saumu, mililita 100 za mafuta ya zeituni, pilipili kavu moja au mbili, na konzi ya majani ya kotimiri yaliyokatwakatwa.

Chemsha lita tatu za maji na utie chumvi gramu 10 kwa kila lita, kiasi kinachokaribia vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa. Desturi ni kutumia lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, lakini maji yakipungua kidogo huwa mazito zaidi kwa wanga unaotoka kwenye tambi, na wanga huo ndio tunaoutaka. Wakati tambi zinachemka, kata kitunguu saumu vipande vyembamba, mimina mafuta kwenye kikaango kikiwa bado baridi, tia kitunguu saumu na pilipili, ndipo uwashe moto mdogo. Kitunguu saumu kinachotumbukizwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto huungua nje kabla hakijatoa harufu yake, na kikishakuwa cha kahawia huwa kichungu, uchungu ambao hautoki tena. Kingo za vipande zinapoanza kuwa na rangi ya majani makavu, teka upawa wa maji ya tambi na uyamimine humo ili kuzuia kitunguu kisiendelee kuiva.

Sasa imefika hatua inayokibeba chakula hiki. Teka kikombe kizima cha maji ya tambi na ukiweke kando, kisha toa tambi dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa bado zina ugumu kidogo katikati, na uzihamishie kwenye kikaango. Ongeza nusu ya kikombe cha maji yale, pandisha moto, na uzigeuze kwa nguvu bila kuacha kwa dakika mbili. Mwanzoni utaona mafuta yakielea upande mmoja na maji upande mwingine, kama watu waliogombana. Taratibu wanga utavishika vyote viwili, na utapata rojo nyepesi inayong'aa na kuganda kwenye kila uzi wa tambi. Ili kujua kama imefika, inamisha kikaango: kama mafuta yanatiririka peke yake, ongeza maji kidogo na uendelee kugeuza. Wengi humwaga maji yote kwenye karo mara tu tambi zinapoiva, kisha hushangaa kwa nini chakula chao kina mafuta chini ya sahani na tambi kavu juu. Malizia kwa kotimiri. Kwa desturi chakula hiki hakitiwi jibini. Mimi hutia nikiwa nayo, ila hupunguza chumvi.

Adesi za Kihindi zinazoungwa mwishoni

Neno kuunga linafaa hapa kuliko jingine lolote, ila kuunga huku, ambako Wahindi hukuita tadka, hufanywa baada ya chakula kuiva. Chukua gramu 250 za adesi nyekundu zilizokobolewa, ambazo hazihitaji kulowekwa, uzioshe mara kadhaa, kisha uziteleke katika lita moja ya maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano. Engua povu linalopanda, punguza moto, na uziache zitokote kwa dakika 20 hadi 25, mpaka zivurugike zenyewe ukizikoroga. Tia chumvi. Ukionja wakati huu utahisi kwamba chakula kimepooza, na ni kweli, lakini usianze kumwaga viungo vya unga kwenye sufuria.

Pasha vijiko vitatu vya chakula vya samli au mafuta kwenye kikaango kidogo. Dondosha mbegu moja ya bizari nyembamba: ikichachatika papo hapo, mafuta yako tayari, na sasa tia kijiko kizima cha chai. Una sekunde 15 au 20 tu. Mbegu zitabadilika rangi kidogo na harufu itajaa jikoni. Hapo hapo tia punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa na pilipili kavu mbili, na kitunguu saumu kinapoanza tu kuwa na rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya adesi. Kutatokea mlio mkubwa na mvuke mwingi. Funika sufuria mara moja kwa dakika mbili ili harufu ile isipotelee hewani.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Viungo vilivyochemka majini kwa nusu saa huwa vimeshapoteza harufu nyingi kwa njia ya mvuke, ilhali vilivyopita katika mafuta moto huitoa yote kwa pamoja, na mafuta huisambaza kwenye sufuria nzima. Ikitokea bizari ikaungua na kuwa nyeusi, imwage, pangusa kikaango na uanze upya. Utakuwa umepoteza vijiko vitatu vya mafuta; ukijipa moyo kwamba haitasikika, utapoteza sufuria nzima. Kamua limau juu yake na uile na wali au mkate wowote bapa.

Mujaddara, au uvumilivu wa vitunguu

Chakula hiki cha wali na adesi hupikwa Lebanon, Syria, Palestina na Yordani. Jina lake katika Kiarabu lina asili moja na jina la ugonjwa wa ndui, kwa kuwa adesi zilizotapakaa katikati ya wali hufanana na makovu ya ndui usoni. Si jina la kumvutia mgeni mezani, lakini limedumu: katika kitabu cha mapishi kilichokusanywa Baghdad mwaka 1226 chakula hiki kimo tayari, wakati huo kikipikwa kwa nyama. Siku hizi hupikwa bila nyama, na kazi ya nyama hufanywa na vitunguu.

Basi tuanze na vitunguu, maana hapa ndipo watu hudanganywa. Maelekezo mengi husema vitunguu vikaangwe kwa dakika kumi mpaka viwe vya kahawia. Havitakuwa. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maadamu maji hayo yamo, joto la kitunguu haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, joto ambalo ni dogo mno kukigeuza rangi na kukitoa utamu wake wa ndani. Tenga dakika 40 na usikubali chini ya hapo.

Kata vitunguu vikubwa vitano vipande virefu vyembamba na uvitie kwenye sufuria nzito yenye mililita 100 za mafuta, pamoja na chumvi kidogo inayosaidia kuyatoa maji. Kwa dakika kumi za mwanzo, moto wa wastani, vitalegea na kuwa kama kioo, na jikoni kutakuwa na mvuke mwingi usio na harufu ya maana. Kufikia dakika ya 20 vitakuwa vimepungua nusu na kupata rangi ya majani makavu. Punguza moto, kwa sababu kuanzia hapo ndipo huanza kushika chini. Kila vinaposhika, tia kijiko kimoja cha maji na ukwangue kwa mwiko, kwani ule ukoko wa kahawia ulioganda ndiyo ladha yenyewe, nayo inatakiwa irudi kwenye vitunguu badala ya kuoshwa na sufuria baadaye. Rangi itapita kwenye asali nyepesi, kisha asali nzito, na mwishowe itakaribia rangi ya tende. Hapo ndipo pa kusimama. Toa theluthi moja, uikaange peke yake kwa moto mkali kidogo kwenye kikaango mpaka ikauke na kuvunjika, na uiweke kando kwa ajili ya kunyunyiza juu.

Wakati vitunguu vinaendelea, chemsha gramu 200 za adesi za kahawia kwa dakika 15 hivi, mpaka ziwe zimeiva nusu, yaani ukiing'ata moja unahisi kiini kigumu kidogo. Zichuje, uzitie kwenye sufuria ya vitunguu pamoja na gramu 200 za mchele uliooshwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, chumvi, na nusu lita ya maji moto. Vikichemka, funika vizuri, punguza moto mpaka mwisho, na usifunue kwa dakika 18. Zima moto na uache sufuria imefunikwa kwa dakika kumi zaidi, ndipo wali uchambuke. Mtindi wa baridi kando yake hufaa sana. Asiye na dakika 40 siku ya kazi anaweza kukaanga vitunguu vya kutosha mara mbili siku ya mapumziko na kuvihifadhi kwenye jokofu, ambako hukaa vizuri kwa siku tatu.

Wali wa kukaanga wa Kichina

Wali wa moto uliotoka kuiva haufai kukaangwa. Wanga wake bado ni laini na umejaa maji, hivyo hung'ang'aniana na kuwa bokoboko, ilhali wali uliopoa kwenye jokofu huwa mgumu na punje zake hukubali kuachana. Kwa hiyo chakula hiki huanza jana yake.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo halipaswi kupuuzwa. Mchele unaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambavyo haviuawi na kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani kwa saa nyingi katika joto la kawaida, bakteria huzaliana na kutoa sumu isiyoharibiwa na kupashwa moto tena. Utandaze wali kwenye sinia pana mara tu unapomaliza kula, upoe upesi, uuweke kwenye jokofu ndani ya saa moja, na uutumie kabla ya siku moja kwisha.

Hatua inayokibeba chakula hiki ni joto la kikaango, na adui wa joto ni wingi. Pika sehemu ya watu wawili kwa wakati mmoja, hata kama mezani wako wanne. Rudia mara ya pili, kwani kila duru haizidi dakika tano. Niliwahi kujaribu kuwapikia watu sita kwa mkupuo mmoja, nikaishia kuwapa kitu kilichohitaji kutekwa kwa upawa.

Vunja mabonge ya gramu 400 za wali kwa mikono iliyoloanishwa. Pasha karai au kikaango kipana mpaka kianze kutoa moshi kidogo, tia kijiko cha mafuta, mimina mayai mawili yaliyopigwa, yakoroge kwa nusu dakika na uyatoe yakiwa hayajakauka. Tia mafuta tena, kisha tangawizi iliyosagwa, vitunguu vya majani na mboga zilizokatwa ndogo kama punje za mahindi, zisizo na maji. Baada ya dakika moja tia wali, uukandamize kwenye karai, uuache sekunde 30, ndipo uugeuze, na urudie hivyo mara tatu au nne. Sikiliza karai: mlio mkavu wa kuchachatika ni dalili njema, lakini mlio wa kufoka, kama wa birika, ni maji yanayogeuka mvuke, na maana yake umejaza mno au moto ni mdogo. Punje zinapoanza kurukaruka, mimina kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kwenye ukingo wa karai, si juu ya wali, ili iguse chuma chenye moto na kunukia kabla haijanywewa. Rudisha mayai, geuza, epua. Usishawishike kuongeza sosi mpaka wali uwe wa kahawia iliyoiva. Wali wa namna hiyo huwa umelowa, na ladha yake ni chumvi tupu.

Shakshuka

Chakula hiki cha Afrika Kaskazini, Tunisia hasa, ambacho kimeenea Mashariki ya Kati, ndicho rahisi kupita vyote, na sina mengi ya kukieleza. Kaanga kitunguu kimoja na pilipili hoho mbili mpaka zilainike kabisa, tia kitunguu saumu, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na kingine cha unga wa paprika, kisha gramu 800 za nyanya. Hatua ya kuangaliwa ni uzito wa mchuzi: usivunje yai hata moja kabla mchuzi haujafika mahali ambapo ukipitisha mwiko chini ya kikaango unaacha njia inayojifunga polepole. Mchuzi mwepesi huyachemsha mayai yakasambaa na kuwa nyuzinyuzi. Ukishakuwa mzito, chimba vishimo sita kwa mgongo wa kijiko, vunja yai katika kila kimoja, funika, na uache kwa moto mdogo dakika sita hadi nane. Wenye kupenda kiini laini huishia hapo. Kwa wajawazito, watoto wadogo na wazee, ongeza dakika mpaka kiini kigande.

Oyakodon ya Kijapani

Neno oyako maana yake ni mzazi na mtoto, na don ni ufupisho wa donburi, bakuli la wali lenye kitoweo juu yake. Mzazi ni kuku, mtoto ni yai. Wajapani hawaoni haya kwa utani huu, na chakula chenyewe huwa tayari kwa dakika 15, mradi wali umeshaiva.

Kinachowatisha watu ni mchuzi uitwao dashi, unaotengenezwa kwa mwani wa kombu na samaki aliyekaushwa. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alibaini kwamba ladha ya kombu inatokana na glutameti, akaipa ladha hiyo jina la umami. Glutameti hiyo hiyo imo katika uyoga mkavu, nyanya zilizoiva, jibini iliyokomaa na sosi ya soya, kwa hiyo asiye na dashi si maskini. Loweka konzi ya uyoga mkavu katika maji moto kwa nusu saa, chuja, na utumie maji hayo. Supu nyepesi ya kuku nayo yafaa.

Kwa watu wawili, changanya kwenye kikaango mililita 150 za mchuzi huo, vijiko viwili vya chakula vya sosi ya soya na kimoja cha sukari. Vikichemka tia kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba na gramu 250 za mapaja ya kuku yasiyo na mifupa, yaliyokatwa vipande vidogo. Acha vitokote mpaka kuku aive kabisa, kwa kuwa mayai hayatampa muda mwingine wa kuiva. Mwenye kipimajoto ahakikishe amefika nyuzi 74 za Selsiasi.

Kazi iliyobaki ni ya mayai, nayo ni ya dakika mbili tu. Vunja mayai manne kwenye bakuli na uyapige kwa vijiti au uma mara kumi, si zaidi, ili ute na kiini viendelee kuonekana kama michirizi. Mimina theluthi mbili kwa kuzunguka kikaango, funika kwa dakika moja. Mimina theluthi iliyobaki, zima moto, funika tena kwa nusu dakika. Utapata tabaka la chini lililoganda na la juu linalotikisika, ambavyo vyote huteleza kwa pamoja juu ya wali wa moto na kuuachia mchuzi wake. Ukiyapiga sana na kuyamimina yote kwa mara moja, utakuwa na kimanda kilichokauka kikielea kwenye mchuzi. Tahadhari ya kiini kisichoganda niliyoitoa kwenye shakshuka inahusu hapa pia.

Maafe ya Senegal na Mali

Mchuzi huu wa karanga huchukua saa moja kwa kuku na zaidi kwa nyama ya ng'ombe, lakini muda mwingi hujipikia. Kausha vipande vya nyama kwa kitambaa safi kabla ya kuvikaanga, maana nyama iliyolowa hujichemsha badala ya kupata rangi. Ikishapata rangi, itoe, kaanga vitunguu viwili, tia vijiko viwili vya chakula vya nyanya nzito ya kopo na uikaange hadi ibadilike rangi na kuwa nyekundu iliyokolea, kisha rudisha nyama na lita moja ya maji.

Siagi ya karanga isiyotiwa sukari, gramu 200, usiitumbukize kama ilivyo. Ikoroge kwanza kwenye bakuli kwa upawa mmoja au miwili ya mchuzi moto mpaka iwe kama uji mwepesi, ndipo uirudishe kwenye sufuria, la sivyo itafanya mabonge. Ongeza karoti, kabichi na viazi vitamu katika vipande vikubwa, na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, kisha punguza moto.

Kuanzia hapo unasubiri mafuta. Mwanzoni mchuzi utakuwa na rangi iliyopauka kama chai ya maziwa, na ukiuonja utahisi karanga mbichi kooni. Koroga mara kwa mara ukigusa chini, kwa sababu karanga hushika upesi. Baada ya nusu saa au zaidi, vitaanza kutokea vidimbwi vidogo vya mafuta mekundu juu ya mchuzi, kwanza pembezoni, kisha kila mahali. Ni hiyo dalili inayosubiriwa. Kabla yake mchuzi haujaiva, hata kama nyama inavunjika na saa inasema umechelewa. Mafuta yakizidi unaweza kuyaengua. Kwa kuwa wapo watu ambao karanga huweza kuwadhuru vibaya hata kwa kiasi kidogo, muulize mgeni wako kabla hujapika, usisubiri mpaka amepakuliwa.

Kuvipanga katika juma

Wali wa oyakodon au wa adesi ukipikwa kwa wingi leo, kesho ni wali wa kukaanga. Mchuzi wa shakshuka unaweza kupikwa mara mbili na nusu yake ikahifadhiwa bila mayai. Mujaddara na maafe huwa tamu zaidi siku ya pili. Maafe huganda ikipoa, hivyo iongeze maji kidogo unapoipasha na uikoroge tangu mwanzo. Tambi za kitunguu saumu haziwekwi kabisa, kwa kuwa ile rojo ikishapoa hutengana na haiungani tena.

Chakula kikionekana kimepwaya, tia limau au siki kabla ya kuongeza chumvi, kwani mara nyingi kinachokosekana ni uchachu. Chumvi ikishazidi kwenye adesi au maafe, usitumaini kiazi kibichi kuiondoa, ingawa ushauri huo unarudiwa kila mahali: kiazi hunywa maji yenye chumvi kama yalivyo, na yale yanayobaki hubaki na chumvi ile ile. Teka sehemu ya mchuzi uiweke kando, ongeza maji na adesi au mboga zisizo na chumvi kwenye uliobaki, uache uchemke tena kwa dakika kumi, kisha rudisha kidogo kidogo ule uliouteka, huku ukionja kila mara.